Masjala Inayotembea

Kila aliyewahi kufuatilia barua katika ofisi ya serikali anaijua masjala. Ni chumba chenye kaunta, rafu ndefu, na majalada yaliyochakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Barua ikifika inagongwa mhuri wa kupokelewa, inaandikwa kwenye rejesta, inapewa namba ya folio, kisha jalada linapanda kwa mkubwa. Ipo masjala ya wazi na ipo masjala ya siri, na hii ya pili ina mlango wake na mtunza funguo wake. Afisa akichukua jalada anaandikwa jina. Akitaka kulala nalo nyumbani anakatazwa. Utaratibu wote huo ulisimama juu ya jambo moja: karatasi haiwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, na anayeitaka lazima aje mwenyewe kaunta, aonekane uso.

Simulizi hii ni ya jinsi kaunta hiyo ilivyoacha kuwa lazima. Nimeichagua Marekani kwa sababu huko watumishi wa serikali walianza mapema sana kusoma barua zao za kazi wakiwa mbali na ofisi, na kwa sababu kila walipoumia waliandika: ripoti za wakaguzi, hukumu za mahakama, mahojiano mbele ya Bunge lao. Nimezisoma kwa miaka, na kuna jambo ninaloliona humo ambalo semina za usalama wa mtandao hulipita haraka. Mara nyingi aliyeacha mlango wazi hakuwa msaliti, na wala hakuwa mvivu. Alikuwa mtu anayetaka kumaliza kazi yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, chuo cha MIT mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, kilikuwa na mfumo wa kompyuta uitwao CTSS, ulioongozwa na Fernando Corbató. Mashine ilikuwa moja, watumiaji wengi, kila mmoja ameketi mbele ya taipureta iliyounganishwa nayo kwa waya. Kwa kuwa wote waliweka kazi zao mahali pamoja, kila mmoja alipewa nywila yake. Hizo ni miongoni mwa nywila za kwanza kabisa katika historia ya kompyuta, na hazikudumu. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa uzamivu, Allan Scherr, aliona saa alizopangiwa kwa wiki hazimtoshi. Akaiomba mashine imchapie faili lenye nywila zote. Ikamchapia. Hakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Alitaka muda zaidi wa utafiti. Miaka mitatu baadaye, kwenye mfumo uleule, Tom Van Vleck na Noel Morris waliandika programu ya kuachiana ujumbe, ili mtu akiondoka mwenzake aukute atakapoingia. Kwa hiyo nywila, uvunjaji wa nywila na barua ya kompyuta vilitoka nyumba moja.

Mtandao wa ARPANET ulianza kupitisha herufi zake za kwanza tarehe 29 Oktoba 1969. Iliyougharamia ilikuwa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kupitia ofisi yake ya utafiti, ARPA. Mwishoni mwa 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine iliyokuwa karibu nayo chumbani, lakini ukapita kwenye mtandao. Ili kutenganisha jina la mtu na jina la mashine alitafuta alama isiyoonekana kamwe katika majina ya watu, akaichagua ile inayosomwa kwa Kiingereza kuwa “kwenye”. Leo imo katika kila anwani ya barua pepe duniani.

Mkurugenzi wa ARPA wakati huo aliitwa Stephen Lukasik. Wahandisi waliiona barua pepe kuwa kitu cha ziada. Lukasik aliiona kuwa namna ya kuongoza ofisi. Akaanza kuwaandikia walio chini yake kwa njia hiyo, nao wakajifunza upesi kwamba anayetaka kusikilizwa na mkubwa ni lazima aandike. Tatizo likawa kwamba ujumbe uliokuja ulimwagika wote kwa mfululizo, wa zamani na wa jana, bila njia ya kuchagua. Alimlalamikia Larry Roberts, mkuu wa sehemu ya kompyuta, na mwaka 1972 Roberts akamwandikia programu ndogo ya kuorodhesha barua, kusoma unayoitaka na kufuta usiyoitaka. Programu ya kusomea barua pepe ilizaliwa kwa malalamiko ya mtumishi mwandamizi wa serikali.

Lukasik hakutaka kuachana na barua zake hata safarini. Alibeba mashine ya Texas Instruments ya aina ya Silent 700, kitu chenye umbo la begi na uzito wa kuchosha mkono, kilichochapa kwenye karatasi inayobadilika rangi kwa joto. Hotelini alipiga simu kwenye mtandao, akasubiri mlio, kisha akaukandamiza mkono wa simu kwenye vikombe viwili vya mpira vilivyokuwa juu ya mashine. Herufi zikaanza kutoka, thelathini kwa sekunde. Hapo masjala ilikuwa imesafiri. Utafiti uliofanywa ndani ya ARPA mwaka 1973 ulionyesha kwamba robo tatu ya yote yaliyopita kwenye mtandao huo yalikuwa barua pepe.

Nani alihakikisha kwamba anayepiga simu ni Lukasik kweli? Kilichokuwapo ni namba ya simu na nywila. Watumiaji walikuwa wachache, wengi wao wakifahamiana kwa majina na kwa sura, na jamii ya watu wanaofahamiana haifungi mlango mchana. Siwalaumu. Lakini mazoea waliyoyaanzisha yalirithiwa na ofisi zisizofahamiana kabisa.

Ikulu ya Marekani ilipata mfumo wake wa barua pepe katika miaka ya 1980. Uliitwa PROFS, wa kampuni ya IBM, na ulianza kwa majaribio katika Baraza la Usalama wa Taifa kabla ya kuenea kwa wafanyakazi wote wa baraza hilo mwaka 1985. Mwishoni mwa mwaka huo Robert McFarlane alijiuzulu umshauri wa usalama wa Rais Reagan, lakini kituo chake cha PROFS kilibaki nyumbani kwake, akaendelea kuandikiana na waliobaki kazini. Ninalirudia jambo hili kila ninapozungumza na wasimamizi wa mifumo. Kwenye masjala, mtumishi aliyeondoka hupitia kaunta kukabidhi majalada na funguo. Kwenye mtandao hakuna anayeliona begi lake akitoka nalo.

Novemba 1986 kashfa ya kuiuzia Iran silaha na kuwafadhili waasi wa Nicaragua ilipofichuka, John Poindexter, aliyemrithi McFarlane, na Luteni Kanali Oliver North walikaa mbele ya vioo vyao wakafuta. Poindexter peke yake alifuta zaidi ya jumbe 5,000. Waliamini kwamba kilichofutwa kimetoweka. Hawakujua, au hawakukumbuka, kwamba mafundi walikuwa wakihifadhi nakala ya mfumo mzima kwenye kanda za sumaku. Tume iliyoongozwa na John Tower ilizipata kanda hizo, na barua zikasomwa hadharani.

Kilichofuata kina uzito kuliko kashfa yenyewe. Januari 1989, Reagan akikaribia kuondoka, mwandishi wa habari Scott Armstrong na taasisi ya National Security Archive walikwenda mahakamani kuzuia kanda hizo zisifutwe. Upande wa serikali ulidai kwamba barua ya kompyuta ni kama maongezi ya simu, au basi inatosha kuichapa kwenye karatasi. Jaji Charles Richey alikataa mwaka 1993, na mahakama ya rufaa ikamuunga mkono mwaka huohuo: barua pepe ni kumbukumbu ya serikali, na karatasi haitoshi, kwa sababu yenyewe inabeba nani aliandika, nani alipokea na saa ngapi. Kwa lugha yetu, mahakama ilisema kwamba kilichomo kwenye mashine kina folio.

Miezi michache kabla ya North kukaa kufuta, mwanafalaki mmoja huko California alikuwa ameanza kazi asiyoitaka. Clifford Stoll alikuwa ameishiwa na fedha za utafiti wa nyota, akahamishiwa sehemu ya kompyuta ya maabara ya Lawrence Berkeley. Agosti 1986 mkuu wake alimwonyesha hesabu za mwezi za matumizi ya mashine. Zilipishana kwa senti 75. Angeweza kuziacha, nani anahangaika na senti 75? Stoll alihangaika, akakuta mtumiaji asiye na anwani ya malipo, kisha akagundua kwamba mtu fulani anaingia kwa simu, anajipa mamlaka ya msimamizi wa mfumo, na kutoka hapo anazifuata kompyuta za jeshi.

Alikusanya mashine za kuchapa zilizokuwa mezani kwa wenzake wikiendi moja, akaziunganisha kwenye nyaya zote zinazoingia maabara, akalala chini ya meza akisubiri. Zilipoanza kulia alikuwa na kila herufi aliyoiandika mgeni. Alipeleka taarifa FBI. Hasara ya senti 75 haikuwashtua. Aliendelea peke yake kwa miezi, akiweka kumbukumbu kwenye daftari kama afanyavyo mtu wa sayansi. Mgeni huyo alijaribu kuingia kompyuta zipatazo 450, akafanikiwa katika zaidi ya 30. Nyingi hakuzivunja kwa ujanja. Aliingia kwa nywila zilizotoka nazo kiwandani, zilizochapwa kwenye vitabu vya maelekezo, ambazo hakuna aliyejisumbua kuzibadili. Kambi zenye walinzi wenye bunduki getini ziliacha upande wa simu wazi.

Ufuatiliaji wa simu ulifika Ujerumani, lakini mitambo ya simu ya huko ilikuwa ya kizamani na fundi alihitaji muda mrefu kumtafuta mpigaji. Kwa hiyo Stoll na mchumba wake walibuni mafaili ya uongo kuhusu mpango wa makombora wa Reagan, marefu na ya kuvutia. Mgeni alikaa kuyasoma. Fundi akafika hadi nyumba moja mjini Hannover, kwa kijana aitwaye Markus Hess, ambaye pamoja na wenzake waliwauzia KGB walichokipata. Mahakama iliwatia hatiani mwaka 1990, kwa vifungo vya nje.

Katika miaka hiyohiyo wahandisi walitafuta namna ya kumtambua mtu asiyeonekana. Kampuni ya Security Dynamics ilitengeneza kifaa kidogo cha kuning'iniza kwenye funguo, chenye tarakimu zinazobadilika kila dakika; anayeingia anatoa nywila anayoikumbuka na namba anayoiona, hivyo aliyeiba moja anakosa ya pili. Katikati ya miaka ya 1990, intaneti ilipochukua nafasi ya laini za simu, ikaja njia ya VPN. Waliokulia masjala wataielewa mara moja: ni ile bahasha mbili. Barua ya siri huwekwa kwenye bahasha yenye alama yake, kisha hiyo inatiwa ndani ya nyingine isiyo na alama, na tarishi anaibeba barabarani bila kujua anabeba nini. Intaneti ndiyo tarishi. Yanayosemwa kati ya kompyuta ya nyumbani na ofisi husimbwa na kufungwa ndani ya pakiti za kawaida, na mashine iliyo mlangoni mwa ofisi ndiyo inayofungua bahasha ya nje.

Dawa zilikuwapo basi. Kuzitumia ndiko kulikochukua muda, na aliyelazimisha serikali nzima ya Marekani kuzitumia alikuwa mwizi wa nyumba.

Tarehe 3 Mei 2006, katika kitongoji cha Aspen Hill, Maryland, si mbali na Washington, nyumba ya mchambuzi wa takwimu wa Wizara ya Masuala ya Maveterani ilivunjwa. Wezi walichukua kompyuta mpakato na diski ya nje. Ndani yake mlikuwa na majina, tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii za watu wanaofikia milioni 26.5, wengi wao maveterani wa vita. Hakuna kilichokuwa kimesimbwa. Aliyewasha mashine angesoma. Mchambuzi alikuwa na desturi ya kubeba data nyumbani kwa muda wa miaka kadhaa, akiendeleza mradi wa takwimu baada ya saa za kazi.

Alipogundua wizi alitoa taarifa kazini siku hiyohiyo. Hapo ndipo ninapomhurumia. Alifanya lile gumu, la kujishtaki mwenyewe mapema, na taarifa yake ikaanza kupanda ngazi kwa mwendo wa jalada lisilo na mwenyewe: kutoka kwa afisa mmoja kwenda kwa mwingine, kila mmoja akidhani aliye juu yake anajua. Waziri Jim Nicholson aliambiwa tarehe 16 Mei. Wananchi walitangaziwa tarehe 22. Fikiria karibu wiki tatu hizo, na mzee aliyerudi Vietnam na mguu mmoja, ambaye namba yake huenda tayari imeuzwa sokoni, na hajui.

Polisi walitangaza zawadi ya dola 50,000. Mwishoni mwa Juni vifaa vilirudishwa, na wataalamu wa FBI wakaona kwamba data haikuguswa. Inaelekea wezi walitaka kompyuta tu. Lakini wakati huo waraka ulikuwa umekwishatoka. Tarehe 23 Juni 2006 ofisi ya bajeti ya Ikulu iliziagiza wizara zote, ndani ya siku 45, zisimbe data zote zilizo kwenye vifaa vya kubebeka, zidai uthibitisho wa aina mbili kwa kila anayeingia kutoka mbali, kimoja kikiwa kifaa kilicho nje ya kompyuta anayotumia, zimtake mtu ajitambulishe upya akikaa dakika 30 bila kugusa mashine, na ziandike kila data inayonakiliwa, ifutwe ndani ya siku 90 kama haihitajiki tena. Ukitazama kipengele hiki cha mwisho utaiona rejesta ya masjala ikirudi: nani amechukua jalada, lini, na amelirudisha?

Kadi nazo zilikuwa zimeamriwa. Agosti 2004 Rais George W. Bush alisaini agizo la kumpa kila mtumishi na kila mkandarasi wa serikali kuu kitambulisho kimoja chenye chipu, cha kufungulia mlango wa jengo na cha kuingilia kwenye kompyuta. Kadi ziligawiwa kwa mamilioni. Mlangoni zilitumika. Kwenye kompyuta, wizara nyingi ziliacha nywila iendelee kufanya kazi pembeni, kwa sababu mifumo ya zamani haikuijua kadi na kuibadilisha ni gharama.

Mwaka 2009 swali la kusoma barua za kazi ukiwa mbali na ofisi likafika juu kabisa. Barack Obama alikataa kuachana na simu yake ya BlackBerry, na baada ya mabishano wataalamu wa usalama walimpa iliyoimarishwa. Waziri wake wa Mambo ya Nje, Hillary Clinton, naye alizoea kusoma barua zake kwenye kifaa cha aina hiyo, lakini ofisi yake ilikuwa ndani ya eneo ambalo simu za mkononi haziruhusiwi kuingia. Wasaidizi wake waliomba kifaa kama cha Rais; shirika la ujasusi la NSA halikukubali. Kwa miaka minne ya uwaziri barua zake za kazi zilipita kwenye seva binafsi iliyowekwa nyumbani kwake Chappaqua, New York. Jambo hilo lilipojulikana Machi 2015 likawa vita vya kisiasa, na kwa kelele zile Wamarekani wengi hawakulisikia swali la kawaida la kiofisi lililokuwa chini yake. Mkaguzi mkuu wa wizara hiyo aliandika mwaka 2016 kwamba utaratibu ulikiukwa, na pia kwamba udhaifu wa wizara katika kutunza barua pepe ulianza kabla yake, chini ya mawaziri waliomtangulia. FBI haikupendekeza mashtaka. Novemba 2014 Bunge lilikuwa limepitisha sharti kwamba afisa akitumia anwani binafsi kwa kazi ya serikali lazima nakala ifike kwenye anwani ya kiserikali ndani ya siku 20.

Na sisi tusijifanye wageni wa jambo hili. Nilikusanya kadi za mawasiliano za maofisa wetu kwa miaka mingi, na nyingi zilikuwa na nembo ya Taifa juu, cheo kirefu katikati, na chini anwani ya barua pepe ya huduma ya bure kutoka ng'ambo. Barua za serikali zililala kwenye seva ambazo serikali haikuwa na ufunguo wake, na afisa alipohamishwa alihama nazo. Hakuna aliyeona ni kosa, maana anwani ya ofisi mara nyingi haikufanya kazi, au ilijaa, au ilisomeka kwenye kompyuta moja tu iliyo kwa katibu muhtasi. Tanzania sasa ina Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na Mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo inasimamia mfumo wa barua pepe serikalini wenye anwani zinazoishia go.tz. Serikali ilipohamia Dodoma, mfumo wa namna hiyo ukawa haja ya kila siku kwa watu ambao majalada yao yako mji mmoja na wao wako mwingine.

Turudi Washington. Aprili 2015 ofisi inayotunza utumishi wa umma wa serikali kuu, OPM, iligundua kwamba kuna watu ndani ya mfumo wake. Waliingia wakitumia utambulisho wa kampuni iliyopewa kandarasi ya kuchunguza waombaji kazi. Jina na nywila vilikuwa halali, na mfumo haukudai kadi. Waliondoka na taarifa za upekuzi za watu milioni 21.5: fomu ambazo mtu hujaza kabla ya kuaminiwa na siri, akitaja madeni yake, magonjwa yake, ndugu zake walio nje, marafiki wa zamani. Alama za vidole za watu milioni 5.6 nazo zilichukuliwa. Nywila unaweza kuibadilisha jioni hiyohiyo. Vidole hapana.

Ndipo serikali ikajipa siku 30 za kukimbizana na kazi iliyolala kwa miaka kumi na moja tangu agizo la kadi. Katika wizara na idara za kiraia, sehemu ya watumiaji wanaoingia kwa uthibitisho imara ilipanda kutoka asilimia 42 hadi 72 kwa wiki chache. Tarakimu hizo zinanisumbua kila nikizitazama, kwa sababu zinaonyesha kwamba iliwezekana muda wote.

Machi 2020, virusi vya korona viliwapeleka nyumbani watumishi kwa mamia ya maelfu katika muda wa siku chache. Zile mashine za VPN zilizopangwa kwa ajili ya maofisa wachache walio safarini zikabeba idara nzima. Fundi aliyekuwa akizifunga usiku kuzirekebisha hakuwa tena na usiku. Wadukuzi waliliona hilo: kuvunja mashine moja ya mlangoni kulikuwa sawa na kupewa jengo zima, maana aliyevuka mlango aliaminiwa kila chumba.

Kwa hiyo fikra ikageuka. Mchambuzi John Kindervag alikuwa ameipa jina tangu 2010, la kutomwamini yeyote kwa sababu tu yuko ndani, na Januari 2022 ofisi ya bajeti ya Ikulu ilitoa waraka wa kuifanya kuwa utaratibu wa serikali kuu yote. Mtumishi aliye ofisini na aliye nyumbani wahesabiwe sawa. Kila mfumo umuulize ni nani, anatumia kifaa gani, na je, kifaa hicho ni kizima? Uthibitisho uwe wa aina ambayo mtu hawezi kulaghaiwa akautoa kwenye ukurasa wa uongo. Na ndani ya waraka huo kuna aya iliyonifurahisha kwa dhati: idara ziache kuwalazimisha watu kubadili nywila kila baada ya muda fulani na kuweka alama za ajabuajabu. Kanuni hizo zilitoka kwenye mwongozo wa mwaka 2003 wa taasisi ya viwango ya Marekani, ulioandikwa na Bill Burr, ambaye mwaka 2017, akiwa amestaafu, alikiri hadharani kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Watu walichoka, wakaongeza namba 1 mwishoni, kisha 2, kisha wakaandika nywila kwenye kikaratasi wakakibandika chini ya kibodi.

Juni 2023 mchambuzi wa usalama katika Wizara ya Mambo ya Nje aliona onyo likiwaka. Wenzake walikuwa wameliandika wenyewe miaka michache kabla, wakalipa jina la Big Yellow Taxi, ili liwaambie pale sanduku la barua linaposomwa kwa namna isiyo ya kawaida. Wizara haikuwa na seva za barua ndani ya jengo lake. Zilikuwa kwa Microsoft. Waliokuwa wakisoma, wadukuzi wanaohusishwa na China, hawakuiba nywila ya mtu yeyote. Walikuwa na ufunguo wa kampuni unaotia sahihi kwenye ruhusa za kuingia, uliotengenezwa mwaka 2016. Kwa maneno ya masjala, walikuwa na mhuri wenyewe. Barua zipatazo 60,000 zilitoka wizarani hapo, na sanduku la Waziri wa Biashara, Gina Raimondo, nalo lilisomwa. Hadi bodi ya uchunguzi ilipotoa ripoti yake mwaka 2024, kampuni haikuwa imeweza kueleza kwa uhakika ufunguo huo ulitokaje.

Wizara iliweza kuona kwa sababu ilikuwa imelipia huduma ya ziada ya kuandika kumbukumbu za nani amefungua barua gani. Idara zilizokuwa kwenye huduma ya kawaida hazikuwa na rejesta hiyo. Baada ya tukio, kampuni ilikubali kuzitoa kumbukumbu hizo bila malipo ya ziada.

Januari 2024 mashine za VPN za kampuni ya Ivanti, zilizokuwa zikilinda milango ya idara kadhaa, zilikutwa na kasoro zilizokuwa tayari zikitumiwa na wadukuzi. Shirika la usalama wa mtandao la serikali ya Marekani, CISA, kwanza liliagiza hatua za kuzikinga. Tarehe 31 Januari likaagiza zing'olewe kabisa, kabla ya saa sita usiku wa Ijumaa, tarehe 2 Februari, na zisirudishwe mpaka zimejengwa upya kutoka mwanzo na nywila zake zote kubadilishwa. Baadaye ilijulikana kwamba CISA nayo ilikuwa ikitumia mashine hizo na ilikuwa imeingiliwa, ikalazimika kuzima mifumo yake miwili. Ijumaa ile mafundi waliingia kwenye vyumba vya seva, wakachomoa kebo, na mlango ambao watumishi walikuwa wamepitia asubuhi kuingia kazini wakiwa mezani kwao nyumbani ukabaki boksi la chuma lisilo na taa.